Rufaida al-Aslamiyya: Muuguzi wa Wasio na Mtu



Ndugu zangu katika imani, jarida letu lina desturi ya kuweka ukurasa wa maisha ya mmoja wa watu wema waliotutangulia. Safari hii kazi imeniangukia mimi, na mhariri ameniachia nichague mwenyewe. Nimemchagua Bi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.), mwanamke wa Madina anayehesabiwa kuwa muuguzi wa kwanza katika historia ya Uislamu. Wengi wenu mmelisikia jina lake, hasa dada na kaka wanaosoma uuguzi na udaktari. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, na sijawahi kumdunga mtu sindano. Lakini nina sababu yangu ya kumchagua. Nikiwa na miaka 14 niliwekwa mahali ambapo Rufaida alizoea kusimama, baina ya mgonjwa mgeni na tiba yake, nikashindwa. Nitayaeleza hayo hapo mbele. Kwanza tumjue yeye.

Mji wa wageni wenye homa

Bi Rufaida alikuwa binti Saad, wa kabila la Aslam. Aslam hawakuwa Aus wala Khazraj, makabila mawili makubwa yaliyoushika mji wa Yathrib. Masimulizi yaliyoenea yanasema kwamba baba yake alikuwa tabibu, na kwamba binti alijifunza kazi kwa kumsaidia mzee wake, kama watoto wa mafundi wanavyojifunza ufundi nyumbani. Alisilimu na akampa Mtume (s.a.w.) kiapo cha utii baada ya Hijra.

Tukitaka kuijua kazi yake, lazima tuujue mji alimoifanyia. Tunapoisoma Hijra ya mwaka 622 tumezoea kuiona kama safari ya ushindi. Tukumbuke pia kwamba Muhajirina walikuwa wakimbizi. Waliacha nyumba, biashara na jamaa zao Makka, na wengi waliingia Madina na nguo zilizo mwilini tu. Kisha wakaugua. Madina ya siku zile ilijulikana kwa homa zake, na wageni hawakuwa wameizoea hali ya hewa yake. Abu Bakr (r.a.) aliugua. Bilal (r.a.) naye aliugua, na kila homa ilipompungua aliimba kwa huzuni akiyatamani mabonde ya Makka na majani yake. Bi Aisha (r.a.) alikwenda kuwatazama, akaona hali zao, akamweleza Mtume (s.a.w.). Mtume akamwomba Allah aipendezeshe Madina kwao kama Makka au zaidi, na aiondoe homa ile.

Mimi nimezaliwa Kafutuma, kando ya Ziwa Mweru, wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Niliposoma hadithi hiyo darasani niliifahamu mara moja. Kwetu malaria ni nyingi mno, na mgeni anayefika akiwa amechoka na ana njaa haimwachi. Na anayeugua ugenini huugua mara mbili: homa inamtesa, na kukumbuka nyumbani kunamtesa.

Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye dua. Aliunganisha undugu kati ya Muhajirina na Answari, mtu na mtu, nyumba na nyumba. Saad bin Rabii (r.a.) alikuwa tayari kugawana mali yake nusu kwa nusu na Abdurrahman bin Auf (r.a.), naye Abdurrahman akamshukuru, akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Akaanza na biashara ya samli na jibini, akainuka. Waliokosa nyumba na jamaa walipewa mahali pa kulala msikitini, penye kivuli, wakaitwa Ahlu Suffa. Mtume aliagiza kwamba mwenye chakula cha watu wawili achukue mtu wa tatu miongoni mwao. Kwa hiyo mji ule ulikuwa na mpango wa makazi, mpango wa chakula na mpango wa kazi. Sura al-Hashr, aya ya 9, imewasifu wenyeji wale kwa kuwatanguliza wageni juu ya nafsi zao ingawa wao wenyewe walikuwa wahitaji.

Lilibaki pengo moja. Mtu akijeruhiwa au akilala kitandani, nani atamwosha, nani atamlisha, nani atakesha naye? Mwenyeji ana mama, dada na mke wa kumwuguza. Mgeni hana. Pengo hilo ndilo alilolishika Rufaida.

Hema ndani ya msikiti

Ibn Is-haq, mwandishi wa sira, ameieleza kazi yake kwa maneno machache sana, lakini kila neno lina uzito. Anasema Rufaida alikuwa na hema katika msikiti wa Mtume, akitibu majeruhi, na kwamba alijitolea nafsi yake, akitaraji thawabu kwa Allah, kuwahudumia Waislamu waliokuwa wamepotelewa na wasio na wa kuwaangalia.

Tuyatazame mambo matatu katika maelezo hayo.

La kwanza ni mahali. Msikiti wa Mtume ulikuwa katikati ya maisha ya mji. Watu walifika pale mara tano kwa siku. Wajumbe walipokelewa pale, maskini walilala pale, mashauri yaliamuliwa pale. Mgonjwa wa Rufaida hakufichwa pembeni. Alikuwa mahali ambapo kila aendaye kuswali alimjua, na mgeni aliyeingia mjini bila kujua njia hakuhitaji kuulizia, kwa sababu njia zote zilimfikisha msikitini.

La pili ni malipo. Alifanya kazi hiyo akitaraji thawabu kwa Allah. Hakumhesabia mgonjwa.

La tatu, na ndilo kubwa, ni watu aliowachagua. Majeruhi wenye jamaa wangeweza kupelekwa makwao. Rufaida aliwakusudia wale ambao wasingekuwa na pa kupelekwa. Alitibu jeraha, na papo hapo akawa mama na dada wa mwenye jeraha.

Sisi tunaoishi Afrika Mashariki na nchi jirani tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Ukilazwa hospitali zetu nyingi, muuguzi atakupa dawa, lakini uji unaletwa na shangazi. Shuka linafuliwa na dada. Dawa ikikosekana dirishani, kaka anatoka mbio kwenda kuitafuta duka la dawa. Daktari akisema neno gumu, mjomba anauliza tena. Mgonjwa asiye na mtu hukosa yote hayo, hata kama kitanda, daktari na dawa vipo. Mkimbizi aliyefika jana ndiye huyo asiye na mtu.

Tiba ya wakati ule ilikuwa ya vitu vichache. Damu ilizuiwa kwa kitambaa na kwa majivu: siku ya Uhud Bi Fatima (r.a.) alichoma kipande cha mkeka akaweka jivu lake kwenye jeraha la baba yake (s.a.w.). Mshipa uliokatika ulichomwa kwa chuma cha moto. Vingine vilikuwa maji safi, chakula laini na kukesha. Rufaida hakuwa peke yake katika kazi hii. Bi Ummu Atiyya (r.a.) alitoka katika vita saba akipika, akitibu majeruhi na kuwatazama wagonjwa. Bi Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) na wenzake waliwanywesha maji wapiganaji na kuwarudisha majeruhi Madina. Lakini mwenye hema anayetajwa kwa jina ni Rufaida.

Mgonjwa mashuhuri

Mwaka wa 5 wa Hijra, sawa na 627, Makureshi na washirika wao waliizingira Madina. Waislamu walichimba handaki upande wa kaskazini wa mji, na siku zile zikaitwa Khandaq. Mapigano ya ana kwa ana yalikuwa machache, lakini mishale ilirushwa, na mmoja ulimpata Saad bin Muadh (r.a.) kwenye mshipa wa mkono.

Saad alikuwa kiongozi wa Aus. Kusilimu kwake kabla ya Hijra kuliwaingiza watu wake katika Uislamu. Alikuwa na nyumba, mama aliye hai na kabila zima nyuma yake. Katika watu wote wa Madina, yeye hakukosa wa kumwuguza. Hata hivyo Mtume (s.a.w.) aliamuru awekwe katika hema la msikitini, apate kumtembelea kwa karibu. Mwenye hema hilo, kama sira inavyomtaja, ni Rufaida.

Nawaomba mtue kidogo hapa. Hema lililowekwa kwa ajili ya wasio na mtu lilionekana linamfaa kiongozi. Hakukuwa na hema la wakubwa na hema la wageni. Sadaka nyingi tunazotoa kwa wakimbizi ni zile tusizozitaka sisi: nguo iliyochanika, unga uliokaribia kuharibika, huduma ambayo hatungekubali mama zetu waipate. Kipimo cha Madina kilikuwa kingine.

Mtume (s.a.w.) alipokuwa akipita jioni alimwuliza Saad amekuwaje jioni ile, na asubuhi alimwuliza ameamkaje, naye Saad alimweleza. Imepokewa na Bukhari katika kitabu chake cha adabu, na jina la Rufaida limo. Kiongozi wa dola, akiwa katikati ya vita, alipita kila siku kuuliza hali ya mgonjwa, na mgonjwa alijibu kwa ulimi wake mwenyewe na akasikilizwa.

Saad hakupona. Jeraha lilichomwa, likavimba, likachomwa tena. Alitoka juu ya punda alipoitwa kutoa hukumu katika shauri la Bani Quraydha. Kisha jeraha lilipasuka usiku. Ndani ya msikiti kulikuwa na hema jingine la watu wa Bani Ghifar, na wao walishtuka kuona damu ikitiririka hadi kwao. Saad akafariki, na Mtume (s.a.w.) akaeleza kwamba Arshi ya Mwingi wa Rehema ilitikisika kwa kifo chake.

Kwa hiyo mgonjwa mashuhuri kuliko wote wa Rufaida alifia mikononi mwa tiba yake. Hakuna aliyemlaumu, na hema halikuvunjwa. Rufaida alitakiwa awepo na afanye anachokijua kwa uaminifu. Uponyaji ni wa Allah.

Nimeandika neno uaminifu, na hapo ndipo ninapolazimika kuirudia ahadi yangu.

Likizo ya Desemba 2017

Baba yangu ni mtu wa Ujiji aliyefuata biashara ya samaki mpaka Ziwa Mweru. Mama ni mwenyeji wa Kafutuma. Kwa baba nilizungumza Kiswahili, kwa mama Kibemba. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Usiku ukisimama ufukweni unaona taa za wavuvi juu ya maji, na huwezi kujua ipi ni ya Zambia na ipi ni ya kule.

Kuanzia Agosti 2017 watu walianza kuvuka kwa maelfu kutoka mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, wakikimbia mapigano. Walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani kwetu, na kuanzia Januari 2018 wakahamishiwa makazi mapya ya Mantapala. Wazee wetu hawakushangaa sana. Walikumbuka kambi ya Kala kule Kawambwa, wakati wa vita vilivyotangulia.

Mwezi wa Desemba shule zilikuwa zimefungwa. Baba na wafanyabiashara wachache Waislamu walichanga unga, sabuni, blanketi na samaki wakavu, wakanichukua mimi kwa sababu moja: nilijua lugha zote mbili. Wageni wengi walizungumza Kiswahili cha Katanga, ambacho kina tofauti na cha Ujiji lakini tunaelewana. Wahudumu wa afya walizungumza Kibemba na Kiingereza. Katikati palihitajika mdomo, na mdomo ukawa wangu. Siku nzima nilitafsiri. Mtoto huyu anaharisha tangu juzi. Mzee huyu amepoteza dawa zake za presha njiani. Huyu hajui kama chanjo ni ya kulipia. Niliona fahari. Watu wazima walinisikiliza.

Siku chache baadaye, katika kituo kimoja cha afya, nilisimama na mama mmoja aliyetoka upande wa Pweto. Alikuwa na mtoto mgongoni na mumewe hajulikani alipo. Aliniinamia sikioni akaniambia kwamba ana mimba ya miezi mitatu na anatokwa na damu tangu usiku. Mhudumu alikuwa mwanamume wa makamo, na nyuma yetu kulikuwa na foleni ya watu, wengine majirani zetu wa Kafutuma. Neno la Kibemba nilikuwa nalo. Damu ni umulopa, nalitaja kila nikisafisha samaki. Lakini damu ile, mbele ya mwanamume yule, mbele ya foleni ile, ilinishinda. Niliona haya. Nikasema mama huyu anaumwa na tumbo.

Mhudumu akauliza amekula nini na tangu lini. Nikajibu, nusu kwa kubuni. Akapewa dawa za maumivu, akaambiwa arudi asipopata nafuu. Yule mama aliniangalia, akaona nimesema maneno machache kuliko aliyonipa. Kisha akanishukuru.

Siku ya pili yake mama yangu mkubwa alikwenda kule na kina mama wenzake. Kiswahili chake ni cha kuunga, lakini alimtazama yule mama usoni akajua pana jambo. Akamshika mkono, akamweka faragha, akauliza kwa maneno na kwa vidole mpaka akaelewa. Siku hiyo hiyo alipelekwa hospitali kwa gari. Mimba ilitoka. Yeye alipona. Mwaka uliofuata alipata kipande chake cha ardhi Mantapala, akalima mihogo. Nilimwona mara moja, akanisalimia kwa jina langu, akaniuliza shule.

Nimewahi kumwuliza daktari mmoja, akanieleza kwamba mimba nyingi zikianza kutoka hazizuiliki. Hilo limenipunguzia mzigo. Halikunifutia, kwa sababu mimi sikuulizwa uamuzi wa Allah. Niliulizwa kilichosemwa, nikakibadilisha.

Haya na elimu

Nilipoingia mwaka wa kwanza tulianza na fiqhi ya twahara. Mwalimu wetu, mzee wa heshima, alifungua mlango wa hedhi, nifasi na istihadha akaueleza mbele ya darasa zima kwa utulivu, bila kupunguza neno. Nikasoma kwamba Bi Fatima bint Abi Hubaysh (r.a.) alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba damu haimkatiki, akauliza afanye nini na swala yake, akajibiwa kwa ufafanuzi. Nikasoma kwamba Bi Ummu Sulaym (r.a.) aliuliza jambo la siri zaidi ya hilo, akitanguliza kwamba Allah haoni haya katika haki. Nikasoma kwamba Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa sababu haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Siku ile nilitoka darasani nikakaa peke yangu. Nilikuwa nimedhani nilinyamaza kwa sababu ya dini, kwamba binti wa Kiislamu hataji mambo kama yale mbele ya mwanamume. Kumbe dini yangu ilikwisha kuyataja, mbele ya Mtume, na wanavyuoni wakayaandika vitabuni ili mimi nisiyaonee haya. Haya ni katika imani, hilo halina ubishi. Lakini haya ya kweli ingenifanya nimwombe mhudumu tuingie chumbani, au nimwite mama mkubwa. Haikunipa ruhusa ya kuificha amana niliyopewa sikioni. Kutafsiri maneno ya mgonjwa ni kutoa ushahidi, na tunajua hukumu ya anayeficha ushahidi.

Hapo ndipo nilipomwelewa Rufaida. Hema lake lilikuwa la wanaume waliopasuliwa na mishale, naye ni mwanamke mwenye staha miongoni mwa wanawake wa Swahaba. Aliishika staha yake na aliishika kazi yake, na moja haikuivunja nyingine. Aliyalazimika kuyajua majeraha kama yalivyo.

Khaybar na baada yake

Mwaka wa 7 wa Hijra, 628, jeshi la Waislamu lilitoka kwenda Khaybar. Wanawake kadhaa walitoka nalo, wakiwemo wa kabila la Aslam, kubeba maji na kutibu majeruhi. Katika vitabu vya tabaka za Swahaba tunamkuta mwanamke wa Aslam aitwaye Kuayba bint Saad, ambaye anasimuliwa mambo yale yale: hema msikitini, tiba ya wagonjwa na majeruhi, na Saad bin Muadh akiwa chini ya uangalizi wake. Wanavyuoni wengine wamesema huyo na Rufaida ni mtu mmoja. Imesimuliwa kwamba alihudhuria Khaybar, na Mtume (s.a.w.) akampa fungu la ngawira kama la mwanamume aliyepigana. Kumwosha jeraha mtu nyuma ya jeshi kulihesabiwa kuwa kazi sawa na kupigana mbele.

Leo jina lake liko juu ya milango ya vyuo. New Delhi, India, kuna chuo cha uuguzi cha Rufaida katika Chuo Kikuu cha Jamia Hamdard. Bahrain kuna tuzo ya uuguzi iitwayo kwa jina lake. Karne kumi na nne zimepita tangu lile hema, na kumbukumbu yake imebaki kwa sababu ya watu aliowachagua.

Sisi na hema letu

Ndugu zangu, wakimbizi hawako mbali nasi. Hapa Tanzania, kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma imewapokea watu wa Kongo tangu mwaka 1996. Wenzetu wa Kenya wana Dadaab na Kakuma, wa Uganda wana Nakivale. Wengine wako mijini kimya kimya, na wengine wamelazwa katika hospitali tunazozipita kila siku kwenda darasani.

Sisemi kwamba jumuiya yetu ijenge zahanati. Serikali na mashirika yana kazi yao, nayo ni kubwa. Nchelenge nimeona jambo jema la Mantapala, kwamba wakimbizi na wenyeji wanatumia kituo kimoja cha afya na shule moja, jambo linalonikumbusha lile hema la kiongozi na wasio na mtu. Ninachosema ni kwamba kati ya mgeni na mlango wa kituo kuna hatua chache ambazo serikali haiwezi kumpitisha, na sisi tunaweza.

Tuna wanafunzi wanaojua Kiswahili cha Kongo, Kirundi, Kifaransa na Kisomali. Waandikishwe, wafundishwe maneno ya mwili na ya maradhi, na wafundishwe sheria moja: sema alichosema mgonjwa, chote, hapo hapo, usiongeze wala usipunguze. Dada atafsirie dada. Mtoto asiwekwe katika nafasi ile niliyowekwa mimi. Tuna vijana wenye afya, wanaoweza kuchangia damu. Tuna Ijumaa baada ya swala, tunaweza kupita wodini kuuliza nani hana wa kumletea uji. Tuna zaka na sadaka, na msafiri aliyekwama njiani ametajwa katika wanaostahiki zaka.

Kuna atakayeuliza kama wageni hao ni Waislamu. Kwetu wengi waliovuka walikuwa Wakristo, na baba aliulizwa swali hilo hilo na jirani. Katika Sura at-Tawba, aya ya 6, tumeamrishwa hata mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa amani yake. Na tusisahau deni letu: wakimbizi wa mwanzo wa Uislamu, kabla ya Madina, walihifadhiwa na Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, ambayo ni ardhi ya Afrika hii hii.

Mimi nina deni langu mwenyewe. Tumefundishwa kwamba toba kwa haki ya mja haikamiliki mpaka uiendee nafsi uliyoikosea. Likizo hii nikifika Kafutuma nitapanda gari niende Mantapala, nimtafute yule mama, nimwambie nilichoambiwa na nilichosema siku ile, kwa Kiswahili, bila kupunguza. Niombeeni nisione haya.

Allah amrehemu Bi Rufaida, amridhie, na atujaalie tuwe jamaa wa wasio na jamaa. Wabillahi tawfiq.